Umemaliza riwaya? Haya, sasa ifanyie kazi!

Wale ambao daftari la Kiswahili limelala chini ya godoro likisubiri muujiza wa mwezi Novemba, nawapa pole mapema. Na walimu wangu mnaoisoma safu hii kwa kujificha nyuma ya rejesta, shikamooni! Tunawajua, na leo mada inawahusu na ninyi vilevile.

Swali langu la wiki hii ni dogo tu. Ukishamaliza kusoma riwaya uliyopangiwa shuleni, ukafika ukurasa wa mwisho, ukafunga kitabu, halafu unafanya nini?

Najua jibu. Unachukua rula, unapiga mstari, unaandika: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika, muundo, mtindo, mandhari. Orodha ileile tangu enzi za kaka zetu. Tena huyo anayeiandika mwenyewe ana nafuu. Wengi hununua desa stesheneri au wanarushiwa kwenye simu, wanalikariri kama kasuku, na siku ya mtihani wanalitapika lote kwenye karatasi. Denti wa namna hiyo anaweza kukutajia dhamira saba za kitabu bila kupumua, lakini ukimuuliza yule mama alikimbia na nini mgongoni, anakutolea macho kama umemuuliza bei ya ndege.

Jamani, nisieleweke vibaya. Uchambuzi unatakiwa. Mtihani wa kidato cha nne unautaka, tena unataka na mifano kutoka kwenye vitabu, hapo hakuna ujanja. Lakini mfano hauwezi kukukaa kichwani kama hadithi yenyewe ilipita juujuu. Dawa ni kuifanyia kazi hiyo hadithi kwa mikono na kwa mdomo wako: ichore, iigize, ipigie muziki, ipigie hesabu.

Kuna sharti moja tu, na ningekuwa mwalimu mkuu ningelibandika mlangoni: kazi ikiweza kufanyika bila kufungua kitabu, hilo ni pambo. Kuchora mnazi na jua linazama kwenye manila, ukaandika jina la riwaya kwa herufi za maua, mtu yeyote anaweza hata kama hajasoma mstari mmoja. Sisi tunataka kazi inayokurudisha kwenye kurasa, utake usitake.

TUTUMIE KITABU GANI?

Tusiongee hewani. Tuchukue Takadini ya Ben Hanson, riwaya ambayo madenti wengi wa Tanzania wameisoma kidato cha tatu na cha nne. Iliandikwa kwa Kiingereza kwanza, na tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 2004. Mambo yanatokea Zimbabwe, kwenye vijiji vya Washona, zamani hizo.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa kwa ufupi ni hiki. Sekai, mke wa Makwati, amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Mwishowe anajifungua wa kiume, na mtoto ana ualbino. Mila ya pale inasema mtoto wa namna hiyo haachwi hai. Sekai anambeba mwanawe, anatoroka, anafika kijiji cha mbali kwa Mtemi Masasa, na mzee aitwaye Chivero anampokea. Mtoto anakua, anafundishwa na huyo mzee kupiga mbira, anakuwa kijana, na binti mmoja aitwaye Shingai anamchagua yeye awe mume wake.

Jina lenyewe, Takadini, kwa Kishona maana yake ni "tumefanya nini?" Umeona? Kitabu kinauliza kuanzia kwenye jalada. Mtu akiulizwa hujibu, na kazi zifuatazo ni njia za kujibu.

KWANZA: SALAMU ZA MAKWATI

Walimu wengi wakitaka ubunifu husema, "Mwandikieni mhusika barua." Sawa, lakini subiri kwanza. Kwenye kijiji kile kuna posta? Nani kasoma? Denti akianza na "Mpendwa mke wangu Sekai, dhumuni la barua hii," tena kachora na stempu juu kulia, hapohapo mwalimu anajua kuwa huyu kitabu alikiona kwa jirani.

Basi tutumie njia ya watu wenyewe, salamu za mdomo. Tuseme Makwati amempata msafiri anayekwenda upande ule alikokimbilia mkewe. Anataka kumtuma. Atasema nini? Na lipi atalimeza, kwa sababu msafiri ni mtu baki na maneno yana miguu?

Kaeni watatu. Mmoja Makwati, mmoja msafiri, mmoja Sekai. Makwati anaongea dakika mbili, msafiri hana kalamu, anashika kichwani. Kisha msafiri anasimama mbele ya darasa anamfikishia Sekai, na Sekai anajibu. Mtacheka mbavu ziume mkiona salamu zilivyopukutika njiani! Lakini humohumo mtagundua kuwa Makwati anampenda mkewe na wakati huohuo anawaogopa wazee. Ukishasema kwa mdomo wa mtu kama huyo, kalamu haikubali tena kumwandika kwa maneno mawili, "mhusika mbaya", ukapita.

PILI: NJIA YA SEKAI

Hapa mnahitaji chaki na sakafu, au kijiti na uwanja wa mchanga. Chora njia yote ya Sekai kuanzia kwa mumewe mpaka kwa Mtemi Masasa. Kila mahali aliposimama weka kijiwe, na kwenye kila kijiwe weka karatasi yenye mambo matatu: ukurasa, alichokuwa nacho mkononi, na alichokuwa anakiogopa. Mahali ambapo kitabu kimenyamaza, weka alama ya kuuliza. Usijaze kwa kubuni ili ramani ipendeze.

Kisha chukueni mchanga kilo tatu, maana mtoto mchanga huzunguka hapohapo, ufungeni kwenye kitambaa, mbebe mgongoni kwa khanga mkizunguka uwanja kwa zamu. Wavulana na ninyi, msijifanye hamjaitwa. Raundi ya kwanza ni utani. Ya tano huongei. Ukirudi darasani ukaambiwa ueleze ujasiri wa Sekai, utaeleza, na hutaandika ule mstari wa desa usemao "Sekai ni mwanamke jasiri na mwenye mapenzi ya dhati" ukanyamaza.

TATU: BARAZA LA WAZEE

Hii ndiyo tamu kwa wapenda mdahalo. Sekai anashitakiwa barazani kwa kuvunja mila na kuhatarisha kijiji. Kuna upande wa wazee, kuna upande wa Sekai, na kuna mtu mmoja muhimu kuliko wote, mlinzi wa kitabu. Huyu anakaa katikati na riwaya mkononi na kengele mezani. Mtu akisema jambo ambalo halimo kitabuni, kengele inalia, pointi imekwenda na maji.

Siri ya baraza ni hii: upande wa wazee wapeni waongeaji wenu bora. Mkiweka pale wanaocheka ovyo na kutembelea vifimbo vya kuigiza, mtakuwa mmecheza ngonjera. Wale wazee waliamini kwa moyo mmoja kwamba mtoto yule ni mkosi kwa watu wote. Hawakujiona wabaya, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu watu wanaojiona wema hawana aibu ya kuwazuia.

Baraza likiisha, kila mtu anaandika nusu ukurasa: ningekuwa pale kijijini usiku ule, ningekaa upande gani? Bila kujipaka mafuta. Wengi wetu, tuseme ukweli, tungekaa kimya na wenzetu, tukafunga milango, tukasubiri asubuhi.

NNE: MBIRA YA SPOKU

Mzee Chivero hakumpa Takadini mahubiri. Alimpa mbira, na mbira ikampa kijana mahali pa kukaa katikati ya watu. Sasa utaielezaje mbira kama hujawahi hata kuigusa?

Tengeneza. Tafuta kipande cha ubao kinachokaribia ukubwa wa daftari. Tafuta spoku za baiskeli zilizokwisha au njiti za mwavuli mbovu, ziponde ncha moja kwa nyundo juu ya jiwe mpaka ziwe bapa. Juu ya ubao laza vijiti viwili vigumu vikipishana nafasi kidogo, pitisha spoku juu yake, halafu katikati yao weka kijiti cha tatu kinachozikandamiza, ukikaze kwa waya uliopenyezwa kwenye matundu ya ubao. Spoku ikitokeza ndefu, sauti ni nzito. Ikitokeza fupi, sauti ni nyembamba. Unaisogeza mbele na nyuma mpaka sikio likubali. Ukipigilia vizibo vya soda vilivyolegea kidogo kwenye ubao, unapata ule mvumo wake. Iweke ndani ya kibuyu kilichokatwa au kwenye boksi la mbao, inavuma zaidi.

Msidhani ni chombo cha kigeni. Wagogo wa Dodoma wana ndugu yake, ilimba, na marehemu Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003 aliipiga mpaka Ulaya wakamjua. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliingiza ufundi wa kuchonga na kupiga mbira wa Zimbabwe na Malawi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa hiyo ukikaa nyuma ya darasa unaponda spoku, usione haya, uko kwenye kazi ya heshima.

Ikishalia, tunga vipande vitatu vifupi vya Takadini: akiwa peke yake, akiwa na mzee Chivero, akimfikiria Shingai. Taja kurasa zilizokupa kila kipande, kisha wenzako wakisie kipi ni kipi. Wakikosa vyote vitatu, rudi kwenye kitabu, au kwenye spoku!

TANO: MCHEZO WA KUSIKILIZA

Wazazi wetu walikua na michezo ya redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam mtaa ulinyamaza kwa Pwagu na Pwaguzi, na kuanzia mwaka 1993 ukaja Twende na Wakati uliozungumzia uzazi wa mpango na ukimwi bila kumchosha mtu. Hakukuwa na picha. Ilikuwa sauti tupu, na watu walilia.

Chagueni tukio moja tu la riwaya, dakika tano, mrekodi kwa simu. Kazi ngumu iko kwenye mambo ambayo mwandishi ameyasimulia bila mtu kuyasema. Lazima muyageuze kuwa sauti. Mchele ukitingishwa kwenye ungo ni mvua. Majani makavu yakikanyagwa kwenye beseni ni mtu anayenyata. Mtoto mchanga anayelia wakati mama anajificha, hilo halihitaji maelezo. Na mahali pa kimya muache kimya. Msijaze muziki wa mapenzi kila upenyo, hii si harusi.

SITA: MUITENI MWALIMU WA BAYOLOJIA

Hii wengi hawaitarajii kwenye kipindi cha Kiswahili. Chora jedwali la urithi. Ualbino wa kawaida hutokea pale mtoto anapopokea kinasaba chake kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mzazi anaweza kukibeba maisha yake yote, ngozi nyeusi tii, asijue. Wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino.

Sasa muweke Sekai upande mmoja wa jedwali na Makwati upande wa pili. Unaona? Makwati alichangia sawasawa na mkewe, lakini lawama yote ilimwangukia mama. Na huku kwetu ni wangapi wameachwa na waume zao kwa kosa hilohilo ambalo si kosa? Kisha mweke Takadini na Shingai. Kitabu kinasema mtoto wao alizaliwa hana ualbino. Kijijini wanaweza kuuona muujiza. Jedwali linakuonyesha kwamba Shingai akiwa si mbebaji, watoto wao wote watakuwa na rangi ya kawaida, ila kila mmoja atakibeba kile kinasaba kimyakimya. Ukimaliza hapo, umejibu lile swali la kwenye jina la kitabu kwa penseli na rula.

HAPA NAOMBA TUWE WATULIVU

Utani pembeni sasa. Riwaya hii ina jambo ambalo nyingine hazina. Darasani kwako kunaweza kuwa na mwenzako mwenye ualbino, amekaa dawati la pili, anasikiliza mnavyomjadili Takadini.

Kuanzia miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa, wengine wakakatwa viungo kwa ajili ya imani za kishirikina. Watoto walitolewa kwao wakapelekwa kuishi kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wabaki hai. Na msiseme hayo yamepita. Mwaka 2024 mtoto mdogo mkoani Kagera aliuawa kwa imani hizohizo. Kwa hiyo ile safari ya Sekai ambayo sisi tunaichora kwa chaki, kuna mama wa Kitanzania ameitembea kwa miguu yake.

Basi madenti, mambo manne. La kwanza, msimpe mwenzenu sehemu ya Takadini kwa sababu ya ngozi yake. Akiitaka mwenyewe, sawa. Akitaka kuwa Mtemi Masasa au mlinzi wa kitabu, apewe. Na akikataa yote, msimbembeleze, wala msimuulize mbele za watu "eti ni kweli kwamba...".

La pili, lugha. Lile neno "zeruzeru" mtalikuta kwenye maandishi na midomoni mwa watu, lakini limeumiza wengi. Kwenye kazi yenu semeni mtu mwenye ualbino. Mhusika kwenye baraza anaweza kutumia maneno makali ya wakati wake, ila mkitoka barazani yabaki hukohuko.

La tatu, jua na macho. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua upesi na huweza kupata saratani, na wengi wenye ualbino hawaoni vizuri mbali. Kwa hiyo ile ramani ya uwanjani msiichore saa saba mchana. Ichoreni asubuhi au chini ya mwembe, na mwenzenu avae kofia pana na mikono mirefu bila mtu kumcheka. Karatasi za kwenye vijiwe ziandikwe kwa herufi kubwa nyeusi. Ukutani zibandikwe usawa wa macho, mahali mtu anaweza kusogea karibu. Tumemsoma Takadini mwaka mzima, halafu mwenzetu anashindwa kusoma ubaoni na hakuna aliyempisha dawati la mbele? Hapo tumesoma nini?

La nne, tarehe. Juni 13 ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, inaadhimishwa tangu mwaka 2015. Kazi zenu zikikamilika, hiyo ndiyo siku ya kuzitoa nje ya darasa. Waiteni wazazi, viongozi wa mtaa, wachezeeni ule mchezo, waonyesheni lile jedwali. Mzazi mmoja akirudi nyumbani akijua kwamba mtoto hakutokana na mkosi, kitabu kimelipa ada yake.

KWA WALE WA MAMA N'TILIE

Siwezi kufunga bila kuwagusa mashabiki wa Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Kazi yenu ni moja na ni ya hesabu: andikeni daftari la mapato na matumizi la huyo mama. Mume ni mlevi, watoto wamerudishwa kutoka shule, na yeye ndiye anayepika auze. Nendeni kwa mama lishe wa mtaani kwenu, saa ambayo wateja wamepungua, mwamkie, mnunue chakula kwanza (msiende kuhoji na tumbo limejaa la nyumbani!), kisha mumuombe kwa adabu awaeleze mkaa ni kiasi gani kwa siku, unga, mafuta, maji, ushuru.

Zipangeni hizo bei za leo kwenye daftari, kisha upande wa pili wekeni sare, viatu na madaftari ya watoto wawili. Jumlisheni. Mkiona jinsi hesabu inavyokataa, mtaelewa kwa nini watoto wa riwaya ile walikwenda walikokwenda. Neno "umaskini" lililo kwenye desa litakuwa na namba mkononi mwako, na namba hazisahauliki.

MSIDHANI NI MAMBO YA WATOTO

Kuna watakaosema huu ni mchezo wa chekechea. Haya, tumtazame Amil Shivji. Alichukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, yenye Yasmin na Denge wa Zanzibar ya wakoloni, akaigeuza filamu. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto huko Canada, na mwaka uliofuata Tanzania ikaichagua iende kuwania Oscar. Filamu yake ni nini kama si msomaji kuijibu riwaya aliyoipenda? Naye ilimbidi achague: kipi kibaki, kipi kiachwe, nani awe katikati. Kitabu kizima hakienei kwenye saa moja na nusu. Ninyi mkichagua tukio la dakika tano mnatumia akili ileile, tofauti ni kamera tu.

KWENU WALIMU

Walimu wangu, nina ombi la heshima. Mkisahihisha kazi hizi, msitoe maksi kwa manila ya bei mbaya na kalamu za rangi. Mkifanya hivyo, atakayeshinda ni yule ambaye baba yake ana duka. Vifaa viwe chaki, mchanga, spoku, maboksi na midomo yao. Maksi mtoe kwa vitu vitatu: je, kazi imetaja kurasa? Je, mwanafunzi anaweza kueleza kwa nini alichagua hivi na si vile? Je, kuna jambo amelitoa kitabuni ambalo desa halina?

Najua mtaniambia darasa lina watu themanini na muhtasari haujaisha. Ni kweli. Basi kazi moja kwa riwaya moja, makundi sita, vipindi viwili, inatosha. Siku ya uchambuzi mtajionea wenyewe mikono itakavyonyooka, maana kila kundi lina kurasa zake linazozitetea kama timu ya mpira.

Na wewe denti ambaye mwalimu wako hatasoma safu hii, usingoje ruhusa. Tafuta wenzako wawili, kitabu kimoja na kijiti cha kuchorea mchangani. Jioni moja tu mnaanza na salamu za Makwati, na hakuna mtu atakayewadai senti.

Mkishafanya, niandikieni kupitia gazeti hili mniambie kazi ipi iliwatoa jasho. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea ile kesi sugu ya kaka na dada wanaogombania meza moja ya kusomea. Mpaka hapo, nawatakia wiki njema. Na hilo desa, hebu lifungieni maandazi!